Makabati Mawili ya Sauti Moja

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, asikiaye bila waya wala amplifaya, ambaye mnong'ono wa mgonjwa kitandani humfikia sawasawa na adhana iliyopigwa juu ya mnara. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na sahaba zake. Namshukuru Mola pia kwa kunibakishia masikio mpaka umri huu. Meno ameyachukua mengi, na magoti yangu hayasikilizani tena, lakini masikio kaniachia. Nataka kueleza nilivyoyatumia, na jinsi yalivyonifikisha kufuata jeneza langu mwenyewe, nikiwa hai na mwenye udhu, mtaani kwetu Pongwe.

Mke wangu ana kanda moja ya kaseti. Ameifunga kwa leso, akaitia ndani ya kopo la biskuti, na kopo liko juu ya kabati la nguo ambako hata mimi mwenye nyumba nahitaji ruhusa. Katika kanda hiyo mna sauti ya baba yake, Mungu amrehemu, aliyekuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani katika kijiji kimoja cha pwani, kusini ya Tanga. Aliyeirekodi ni kaka wa mke wangu, ambaye siku hizi analima Maramba. Wakati huo alikuwa kijana mwenye redio kaseti mpya na kiburi kipya.

Mzee anasoma aya kwa utulivu, anaomba dua ndefu, dua inakwisha. Kisha kunasikika kitu kama kiti kinasogezwa, na mzee, akiwa ameipa redio mgongo, anasema maneno machache. Halafu kanda inazimwa. Baada ya hapo hakurekodiwa tena.

Maneno hayo machache ndiyo mirathi kubwa ya ukoo. Mwisho wake wote tulikubaliana: anasema "Mwenyezi ajua." Kanda ikipigwa kwenye hitma, ikifika hapo, watu wazima wanainamisha vichwa na kuitikia "Amina." Mke wangu ameyadarizi kwa uzi wa kijani kwenye kitambaa cheupe, MWENYEZI AJUA, akakitundika juu ya mlango wa sebule. Nikimwuliza sukari imekwishaje upesi hivi, ananionyesha kitambaa.

Ugomvi ulikuwa juu ya neno linalotangulia. Hapo kanda inakoroma tu. Kaka mtu ana yakini kuwa baba alisema "mwanangu", na kwamba ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa ameshika redio. Mke wangu anasema baba alikuwa ameelekea upande wa jikoni, na jikoni alikuwamo yeye. Wote wawili wana wajukuu, na bado kila Idi wanagombea neno moja kama watoto wanaogombea ukoko.

"Kanda inachoka," aliniambia mke wangu siku moja, "na sikio langu la kulia nalo linachoka. Nataka kujua kabla kimojawapo hakijatangulia. Baba yangu aliniaga mimi, au aliaga yule mkulima wa Maramba?"

Kwa ajili hiyo, nilipopata kiinua mgongo changu cha ualimu wa dini, nilinunua sabufa. Ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye spika za kila umbo na taa za rangi zilizochezacheza. Zilicheza hata Qur'ani ikisomwa, jambo lililonitia haya, nikazifunika kwa kofia yangu ya zamani. Baba mkwe akatoka humo kama mtu anayesoma ndani ya pipa la maji. Dua ilitikisa vikombe kabatini. Lile neno la mwisho likawa ngurumo tupu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta akaja kuuliza kama tumeanza kusaga nafaka.

Jirani huyu ni Msambaa, Mlutheri, fundi umeme mstaafu wa mashamba ya mkonge, na ndiye sauti ya chini kabisa katika kwaya ya kanisa lake. Mimi namwita Mzee wa Kanisa, yeye ananiita Ustadhi, na mke wangu humwita shemeji. Kumbe alikuwa na siri yake. Katika simu yake ana kundi la watu wa nchi mbalimbali, wazee watupu kwa picha zao, wasiojadili siasa wala mpira. Wanajadili spika za koni moja. Wanatumiana picha za makabati yao kama wengine wanavyotumiana picha za wajukuu.

Akakaa, akasikiliza sabufa, akatikisa kichwa.

"Ustadhi, baba mkwe wako umemkata vipande vitatu."

"Mungu apishe mbali!"

"Hebu sikiliza. Humu ndani mna spika tatu. Ngurumo ya kifua chake inapelekwa kwa hii kubwa. Maneno yanapelekwa kwa hii ya kati. Zile 'sa' na 'sha' zinapelekwa kwa twita hapa juu. Katikati pana kisakiti kinachogawa, kama karani wa mirathi. Mzee akisema 'salamu', 'sa' inatokea darini, 'lamu' inatokea sakafuni. Sikio lako ndilo linaloachiwa kazi ya kumshona. Baba mkwe wako alikuwa na midomo mingapi?"

"Mmoja."

"Basi mtafutie koni moja. Ngurumo, maneno, na hizo 'sa', vyote vitoke tundu moja, kwa wakati mmoja, bila karani."

Sikutaka kuingiza elimu ya tauhidi katika mambo ya mbao na gundi, lakini nakiri neno lile lilinikaa moyoni. Nikamwuliza kama hakuna kasoro.

"Ipo," akasema. "Besi haina. Koni ndogo haiwezi kunguruma."

"Sasa?"

"Besi nitaleta mwenyewe," akajibu, akajipiga kifuani.

Nilidhani anatania.

Mwanawe aliye Dar es Salaam alituagizia koni mbili kutoka ng'ambo. Zilipofika, mke wangu alizigeuzageuza mkononi. Zilikuwa za karatasi nyepesi ya rangi ya maziwa, upana wake kama kisahani cha kikombe.

"Hizi ndizo zitakazomtoa baba yangu? Nina kawa za kufunikia chakula kubwa kuliko hizi."

Jirani akamweleza kwamba udogo wake ndio ulaini wake, na kwamba udhaifu wa besi utasaidiwa na kabati: refu, jembamba, na ndani yake njia ya mbao iliyopindapinda, ili pumzi ya nyuma ya koni izunguke na kutoka chini ikiwa imenenepa kidogo. Akaonyesha urefu kwa mkono. Mkono ukafika kidevuni kwake.

"Mawili?" akauliza mke wangu.

"Mawili, shemeji. Kulia na kushoto."

Mke wangu alifikiri huku akiitazama sebule yake, aliyoipanga mwenyewe tangu tulipohamia. Kisha akatoa hukumu. "Yaingie. Lakini kanda itapigwa siku hiyohiyo. Nikilisikia neno la baba, makabati yanakaa humu mpaka kufa kwangu. Nisipolisikia, natia rafu, yanakuwa ya vyombo. Na hizo koni nitafunikia maziwa."

Jirani akanitazama. Nilijua anaona makabati yake yakijaa sufuria.

Fundi seremala tuliyempata alikuwa na karakana kwenye barabara ya kwenda Muheza. Anatengeneza vitanda, milango, na kwa ajili ya ndugu zetu Wakristo wa mashambani, masanduku ya kuzikia. Alipouona mchoro wetu hakuuliza swali hata moja. Kwa macho yake ilikuwa kazi anayoijua, isipokuwa hayo matundu.

Siku ya kuleta, fundi aliyapiga vanishi, akayafunika kwa shuka nyeupe yasipate vumbi, akayalaza juu ya guta, akaja akikanyaga pedali na jirani akisukuma kwa nyuma. Hatua chache kabla ya msikiti wetu, tairi la guta likapasuka. Wakashauriana. Nyumba si mbali. Wakalitwaa kabati la kwanza, wakaliweka mabegani, jirani mbele, fundi nyuma, na ndipo watu walipokuwa wakitoka kusali alasiri.

Kwetu sisi, mtu akiona kitu kirefu kimefunikwa kwa shuka nyeupe kiko mabegani, haulizi. Anavaa viatu upesi, anakimbia, anaweka bega. Anabeba hatua chache, anampisha mwingine, maana thawabu zipo na kila mtu anataka fungu lake. Ndivyo walivyofanya. Jirani alinyang'anywa mzigo kabla hajafungua mdomo. Wengine wakarudi kwenye guta, wakalikuta la pili, wakapigwa na butwaa, wakalibeba nalo.

"Ni la nani?" mmoja alimwuliza jirani.

"La Ustadhi," akajibu jirani kwa furaha, akidhani ameangukia watu wenye ukarimu.

"Na lile jingine?"

"La mkewe. Yaani, hasa hasa ni kwa ajili ya mkewe."

Mimi nilikuwa ningali msikitini. Baada ya sala napenda kukaa na uradi wangu taratibu, na siku ile nilikuwa na haja maalumu ya kumwomba Mola kuhusu sebule. Nilipotoka, barazani vilibaki viatu vyangu tu. Nikaona kundi la watu likiishia kwenye kona, shuka nyeupe zikielea juu ya vichwa, na sauti za dhikri. Nikakaza mwendo. Nikamfikia mtu wa mwisho.

"Nani?" nikamwuliza.

Hakugeuka. "Yule Ustadhi wa redio."

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiun," nikasema, kwa masikitiko ya kweli.

Nilikwenda hatua kadhaa nikimwombea yule marehemu asamehewe makosa yake, kabla sijakumbuka kwamba Pongwe nzima, Ustadhi wa redio ni mimi.

"Wote wawili, na mkewe," akaendelea yule bwana. "Ni umeme, nasikia. Zile redio zake."

"Na mbona wamewekwa kwenye masanduku?" akauliza wa pembeni yake. "Watu wa dini wale?"

"Ndiyo kukaa na yule Msambaa wa kanisani."

Nilijaribu kusema. Lakini dhikri imepamba moto, pumzi sina, na kuukatiza msafara wa mazishi si adabu, hata ukiwa ni wako. Nikawa naburura viatu nyuma yao, na aliye mbele yangu akanipisha niweke bega, nikaweka. Namshukuru Mungu, ni wachache waliopata thawabu ya kujibeba. Nilimsikia mtu ananong'ona, "Mzee amekuwa mwepesi hivi!" na mwingine akamjibu, "Kisukari hicho."

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mchele. Aliinua macho, akaona umma wote unaingia uani kwake na majeneza mawili. Akasimama na ungo wake.

"Mnaleta au mnachukua?"

Aliyekuwa mbele alipigwa na bumbuwazi. Akasema lililokuwa kinywani. "Tumewaleta, mama."

"Mmemleta nani?"

"Wewe na mzee."

Kisha shuka ya kabati la kwanza ikateleza, tundu la duara likaonekana mahali ambapo pangekuwa uso, na mtu mmoja akaruka nyuma akapiga shahada. Nikapenya katikati ya watu, nimelowa jasho.

"Mimi hapa," nikasema. "Assalamu alaikum."

Ndipo jirani yetu wa kike wa nyumba ya tatu akaingia mbio, kanga kichwani, kilo ya sukari mkononi, analia kwa sauti. Aliponiona alinyamaza ghafla kama redio iliyochomolewa. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe u hai?"

"Alhamdulillahi."

"Basi siku ukifa kweli nisidaiwe. Nimeshalia."

Akataka kuondoka na sukari yake. Mke wangu akamshika mkono. Chai ikapikwa, mchele uliokuwa ungoni ukaenda mekoni, na watu wakaketi kwenye mikeka wakinywa chai ya msiba usio na maiti, wakinicheka kwa zamu. Wote walitaka kujua makabati ni ya nini, na kila mara jirani wa Kilutheri alipoeleza kuwa ni ya spika moja tu kila moja, ndogo kama kisahani, walicheka upya. Walipokwisha kuondoka, mke wangu alikusanya vikombe. Nilijua hakusahau sharti lake.

"Haya," akasema. "Nimekwisha kuzikwa. Nileteeni baba yangu."

Jirani akazifunga koni kwa skrubu, akaunga waya. Amplifaya ilikuwa kijisanduku kidogo tu, maana koni zile hazihitaji nguvu nyingi kuamka. Akayasogeza makabati mbele, nyuma, akayageuza kidogo yatazamane, kisha akachukua kiti cha mikono, changu, nilichokalia miaka yote, akakiweka mahali pamoja katikati ya sebule.

"Kasoro ya pili, nilisahau kuwaambia," akasema. "Koni moja inamlenga mtu mmoja, kama tochi. Atakayesikia vizuri ni wa kiti hiki. Wengine watapata mabaki."

Mke wangu akakaa kwenye kiti. Mimi nikakaa mkekani karibu na mlango, penye mabaki.

Kanda ikazunguka. Mzee akavuta pumzi. Si muziki, si ngurumo, ni pumzi ya mtu mzima kabla ya kuanza kusoma, na ilikuwa katikati ya makabati, mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nywele zangu zilizosalia zilisimama. Hata mabaki yalikuwa chakula. Nilisikia ulimi wake ukigusa pengo la jino. Nilisikia ukurasa ukifunuliwa. Sauti haikuwa kubwa wala haikutikisa kikombe, lakini ilikuwa nzima, yenye kichwa na miguu, na nikaelewa kwa nini wale wazee wa kwenye simu hawajadili kingine.

Kisha besi ikaingia. Nene, ya kanisani, inafuata kisomo kwa chini. Nikadhani kabati limeanza kunenepesha pumzi. Mke wangu akageuka.

"Shemeji," akasema, "baba yangu hakusoma na kwaya."

Jirani akafumba mdomo. "Niliahidi besi," akajitetea.

Dua ikafika, ikakwisha. Kiti kikasogezwa, na kwa mara ya kwanza tulisikia kuwa hakikuwa kiti, kilikuwa kigoda. Mzee akageuka. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mikono imeinuliwa tayari kuitikia.

Na mzee, kwa sauti ya ukali kidogo, kwa lafudhi ya Kimtang'ata ya kwao, akasema wazi kama aliyesimama mlangoni:

"Wee binti! Mbaazi zaungua!"

Tap. Kanda ikazima.

"Ami..." alisema mke wangu, na neno likamkatikia njiani.

Tukatazamana. Juu ya mlango kitambaa kilikuwa kinaning'inia na maandishi yake ya kijani.

"Amesema Mwenyezi ajua?" jirani akauliza kwa upole, mtu anayejua kwamba si dini yake.

"Rudisha," akasema mke wangu.

Akarudisha. Mbaazi zaungua. Akarudisha tena. Hapakuwa na shaka. Tumeitikia amina mbaazi miaka yote hii, kwenye hitma, mbele ya masheikh.

Mke wangu alijifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika. Nikainuka nimliwaze, nikakuta anacheka. Anacheka na machozi yanamtiririka, na hakutaka kuyafuta.

"Nilikuwa nimeambiwa nichunge chungu," akasema alipopata pumzi. "Mbaazi za nazi, za kula na mahamri. Nikaja kuchungulia redio mlangoni. Alinifukuza nirudi jikoni. Ni mimi! Si yule wa Maramba. Ni mimi!"

Akachukua simu, akampigia kaka yake, bila hata salamu ya kutosha. "Kaka, shikamoo. Baba alisema 'wee binti'. Binti. Wewe una ndevu." Akamweleza lililobaki. Kisha tukamsikia yule mzee mwenzangu akicheka kwa kukohoa.

"Marahaba," akasema. "Basi ndizo zile. Mnakumbuka mimi ndiye niliyelazimishwa kuzila?"

Kitambaa hakikushushwa. Mke wangu alisema maneno yake ni ya kweli hata kama baba hakuyasema, na uzi ule ulimgharimu macho. Alikitoa tu juu ya mlango akakitandika juu ya kabati la kulia, na juu ya la kushoto akaweka chombo cha maua ya plastiki, ambacho jirani anasema kinaharibu sauti na ambacho hathubutu kukigusa. Na katika hitma zetu sasa kanda inasimamishwa baada ya dua. Watoto hulalamika, maana wao husubiri mbaazi.

Makabati yangali sebuleni kama mke wangu alivyoahidi, na kiti changu cha mikono nacho kiko palepale kilipowekwa, penye shabaha ya koni. Ni chake. Kila baada ya alasiri anakikalia, anamsikiliza baba yake akimfokea, anatabasamu, kisha anasikiliza mapishi ya redioni kwa ukamilifu wote wa teknolojia. Mimi nina mkeka wangu karibu na mlango. Nimezoea. Pana upepo mzuri, na mabaki ni mengi kuliko nilivyostahiki.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie masikio yako, akusikilizishe tena sauti za uliowapenda, hata kama ni za kukufokea. Akujaalie majirani watakaoweka bega bila kuuliza, na aicheleweshe sana siku yenyewe ya kuwahitaji. Na kama una chungu mekoni saa hii, akukumbushe kukitazama. Amina.